Donge la Mkwe

Alikuwepo mama mmoja mfuma masweta, waliomjua wakamwita Sindano, maana mikono yake haikutulia na ulimi wake ulichoma. Akisinzia, vidole huendelea vyenyewe. Siku moja aliamka akakuta amemfumia paka soksi nne. Anayebisha akamuulize paka.

Sindano alikwenda kumtembelea binti yake, aliyeolewa na fundi wa kuchomelea vyuma. Jitu lenye mabega kama mlango wa ghala, lakini mbele ya mama mkwe sauti yake ni ya mtu anayeomba maji. Kwa mkwe huyo Sindano alitaka jambo moja tu: aonekane mama mwenye heshima zake, asiyeacha doa alikopita.

Asubuhi wenye nyumba wakaenda kazini. Yeye akabandika maharage, akakaa afume mstari mmoja tu. Mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa ukoo mzima, mpaka harufu ikamkurupusha. Maharage makaa, na sufuria nyeusi ungedhani ndiko usiku unakotoka.

"Aibu gani hii! Mkwe asije akaiona!"

Kando ya sinki palikuwa na bakuli la maji, na ndani yake donge la kijani, duara kama chungwa, lenye manyoya laini. Sindano akalichopoa, akalimiminia sabuni, akasugua. Sufuria ikaanza kung'aa, donge likaanza kunyofoka.

"Madodoki ya siku hizi," akasonya, "hayana hata mfupa." Mabaki akayatupa jalalani.

Simu ikalia. Binti yake.

"Mama, nilisahau kukwambia. Hilo donge kwenye bakuli usiliguse. Ni mwani, una uhai wake. Unakaa kwenye tangi la samaki, mume wangu kautoa tu ili abadilishe maji."

"Nani ana haja na donge la watu?"

"Nilimpa mimi tulipooana, likiwa dogo kama punje ya hindi. Huliviringisha viganjani kama anaogesha kifaranga. Ukiligusa, umemgusa mboni ya jicho."

"Nimesikia, we mtoto! Masikio ninayo!"

Masikio alikuwa nayo. Donge ndilo hakuwa nalo. Akafumua mkono wa sweta la kijani alilokuwa akilifuma, akaviringa uzi, akauchambua kwa kucha mpaka ukaota manyoya. Akautia bakulini. Ukaelea. Akausukuma chini, ukaibuka kama mtoto mkaidi. Akauviringa upya na kokoto katikati, nao ukazama kwa adabu.

Jioni mkwe akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na kazi."

Mkwe akaenda moja kwa moja kwenye bakuli, akalitoa donge, akaanza kuliviringisha. Ncha ya uzi ikanasa kwenye sugu la kidole. Akavuta, ukaja. Akavuta tena, ukazidi kuja, ukamfika magotini. Sindano akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Ndipo binti akaingia.

"Nini hicho?"

Mkwe akautazama uzi, akalitazama sweta la mkono mmoja mapajani pa mama mkwe.

"Ni mimi. Asubuhi lilinipasukia mkononi, nikaona nikufiche."

"Unifiche kwa uzi? Zawadi yangu! Kidude hakili, hakilii, hata hicho kimekushinda kulea?"

Jitu likainamisha kichwa, likapokea maneno yasiyo yake. Sindano akahisi uso unawaka kuliko yale maharage.

"Mwache mwenzio. Nimelisugulia sufuria."

"Umefanya nini, mama?"

"Na sabuni."

Binti akashika mlango kwa kicheko. "Mama! Umeosha vyombo kwa zawadi ya ndoa yangu?"

Sindano akangoja mkwe naye acheke, maana kicheko chake kingemponya. Hakucheka.

"Hukuambiwa, mama," akasema taratibu. "Kosa letu sisi."

Akaukamua uzi, akaenda nao uani. Akautandaza kwenye kamba ya nguo, akiunyoosha kwa vidole vilivyozoea chuma cha moto, usije ukajisokota ukamharibikia mwenye sweta. Sindano akainuka amsaidie. Alipofika mlangoni miguu ikakataa kuvuka kizingiti. Akarudi kuketi, uso kaupa ukuta, akaisikia kamba ikilia kwa kila mzunguko wa uzi aliotundika mkwe.