Kisanduku cha Pili Mnadani Garsen

Kamati ya Soko la Mifugo inautangazia umma wa Garsen na vitongoji vyake kwamba, kuanzia sasa, hakuna ng'ombe atakayetoka sokoni bila picha ya muuzaji, mnunuzi na mnyama mwenyewe, wakiwa pamoja, macho wazi. Picha itapigwa kwa kamera ya kamati na si nyingine. Kamera hiyo, tangazo linaendelea, haina ukoo, haina ndugu, haina chama, haili cha mtu, na haimwoni mtu ambaye hayupo.

Maneno hayo ya mwisho aliyatunga Mwenyekiti Sadik mwenyewe, na inasemekana alimsomea mkewe mara kadhaa kabla ya kuyapeleka yakachapwe. Hadi leo yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko, ndani ya nailoni, kwa sababu ya mbuzi.

Mwenye kuishika kamera ni Swabra, mwanamke wa Kipokomo kutoka vijiji vya juu mtoni. Alishuka Garsen kuuza ndizi na maembe, akaolewa, akaachwa, akabaki. Alikuwa hajawahi kushika kamera, na kamati ilimchagua kwa sababu hiyo, na kwa nyingine kubwa zaidi: hana ng'ombe, wala watu wake hawana. Mahali ambapo kila mfugaji anamshuku mfugaji mwenzake, mkulima ndiye mtu wa pekee anayeweza kuaminiwa kwamba hajali.

Kamera yenyewe ni ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, ya rangi ya fedha, na ina kamba ya kuvaa mkononi. Boksi lake lilisema ni ya wanaoanza. Maana yake ni kwamba imetengenezwa kwa kudhani mwenye kuitumia hajui kitu, na haimlaumu. Ukizungusha gurudumu lake hadi kwenye alama ya kijani, mambo mengine inayamaliza yenyewe. Jua likiwa kali inapunguza, pakiwa na kivuli inawasha taa yake, mkono ukitetemeka inautuliza, kilicho mbali inakivuta. Ikiona uso wa mtu inauzungushia kisanduku cha manjano kwenye kioo cha nyuma: uso mmoja, kisanduku kimoja. Na baada ya kupiga, ikishuku, huuliza kwa Kiingereza cha adabu kama kuna mtu aliyefumba macho.

"Hata simu zetu zinafanya hivyo," vijana walimwambia Mwenyekiti.

"Simu ni ya mtu," akajibu. "Kamera ni ya soko."

Mjadala ukaishia hapo.

Visanduku ndivyo vilivyowapendeza wazee. Walichungulia kioo kwa zamu, wakaona mashine inawatambua wanaume kwa nyuso na kuwaacha ng'ombe, wakaamua kwamba huo ni ushahidi. Wakaanzisha utaratibu ambao haumo kwenye kitabu cha maelekezo. Kabla ya kubonyeza, Swabra huita visanduku kwa sauti kuanzia kushoto, na kila mwenye uso huitikia kwa kutaja jina lake huku soko zima likisikia. Kisanduku kisipoitikiwa, hakuna biashara. Hii ilikuwa dawa ya mtu mmoja aliyewahi kuuza fahali wa mjomba wake, kisha akaapa mbele ya kamati kwamba siku hiyo alikuwa Malindi anang'olewa jino.

Wiki za mwanzo kulikuwa na kasoro. Kisanduku kilitokea kwenye bango la mgombea mmoja, ukutani nyuma ya zizi. Kikaitwa, hakikuitikia, na kamati ikaamuru bango libanduliwe kwa kuwa mgombea si mhusika wa mauzo. Baada ya hapo kamera ikatulia, watu wakaizoea. Swabra akapata kibanda, kiti, na jina: Mama Picha.

Sasa, mvua kubwa zilizopita, mto ulipopanda, mwanamume mmoja wa Kiorma aitwaye Galgalo hakurudi nyumbani. Alikuwa amekwenda kuvusha ng'ombe na Bonaya, kaka yake mkubwa. Bonaya alirudi na ng'ombe. Mke wa Galgalo, Abdia, alipouliza, shemeji yake alimwambia mumewe amepanda lori kwenda Madogo, kuna mtu alimwahidi kazi ya upakiaji. Simu? Iliingia maji. Atatuma habari.

Habari haikuja. Abdia akaendelea kufanya kama mke wa msafiri. Kila jioni alimwekea Galgalo maziwa yake kwenye kibuyu, akakifunika, na kila asubuhi akayamimina kwa ndama. Majirani walikuwa na mawazo yao. Walimwachia ayagundue mwenyewe, kama majirani wafanyavyo.

Siku ya mnada Bonaya alileta ng'ombe mmoja wa mdogo wake, jike mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Alisema ameagizwa na Galgalo auze. Mnunuzi alikuwa Abdirizak, mfanyabiashara wa Madogo, mwenye miwani ya jua na haraka. Habari ikamfikia Abdia upande wa kina mama wa maziwa, naye akaja akasimama mbele ya kibanda cha Swabra, mtandio ameushika kidevuni.

"Shemeji, amekuagiza lini?"

"Ametuma mtu."

"Mtu gani?"

"Abdia, hapa ni soko ya wanaume. Nyumbani tutaongea."

"Nyumbani huongei." Akamgeukia Abdirizak. "Wewe, mzee, si unatoka Madogo? Umemwona bwana yangu huko? Mrefu, ana kovu hapa."

Abdirizak alivua miwani, kwa heshima. "Wallahi sijamwona, abaayo, dada yangu. Lakini Madogo siku hizi ni pakubwa."

Akavaa miwani yake tena.

"Mimi sitaki ng'ombe," Abdia akasema, sasa kwa Mwenyekiti Sadik, aliyekuwa ametoka ofisini na fimbo yake kwapani. "Mpige picha, mwuze, hata leo. Nataka kitu kimoja tu. Nijue kama naweka maziwa ya msafiri ama nikae eda. Hiyo tu. Mke ama mjane, niambiwe."

Mwenyekiti alisema hilo ni jambo la nyumbani na liko nje ya mamlaka ya kamati. Akamwashiria Swabra aendelee.

Ng'ombe alikuwa msumbufu tangu afike. Alishamkanyaga mtu mmoja na kupindua ndoo ya chai. Walipomsimamisha kwa picha, Bonaya kushoto na Abdirizak kulia kabisa, alitulia ghafla, akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama ng'ombe anayekunwa nyuma ya sikio.

"Sogeeni," Swabra akasema. "Kuna nafasi katikati hapo. Mzee, songa karibu na ng'ombe."

"Nimesonga," akasema Abdirizak.

Swabra akatazama kioo. "Kisanduku cha kwanza?"

"Bonaya!"

"Cha pili?"

Hakuna aliyejibu.

"Cha pili?"

"Si umwite huyo mwenzangu," Bonaya akasema.

"Cha tatu, basi?"

"Abdirizak!"

Swabra alishusha kamera, akafuta kioo kwa pindo la leso, akainua tena. Aliizima akaiwasha. Alitoa betri, akaipuliza, akairudisha. Kisha akamwita Mwenyekiti kwa kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwenyekiti akachungulia. Kisanduku cha Bonaya kilikuwa kwenye uso wa Bonaya na cha Abdirizak kwenye uso wa Abdirizak. Katikati yao, penye bega la ng'ombe, juu kidogo, kimo cha mtu mrefu, kilikuwa kingine. Ndani yake kulikuwa na ukuta wa zizi, na mbele ya ukuta hewa.

"Ni hilo baka," Mwenyekiti akaamua. "Linafanana na uso. Lifunikeni."

Wakalifunika kwa leso ya Swabra. Kisanduku kikabaki pale pale, mbali na leso.

"Mgeuzeni ng'ombe."

Wakamgeuza. Kisanduku kikazunguka naye, polepole, bila kuruka, kikabaki ubavuni mwake upande ule ule ambao mchungaji hutembea. Watu waliokuwa wakichungulia nyuma ya Swabra walianza kupungua. Hakuna aliyekimbia. Kila mmoja alikumbuka shughuli yake.

"Abaayo, piga tu, niende," Abdirizak akasema. "Gari inaningoja." Lakini alikuwa ameshasogea hatua kadhaa kutoka kwa ng'ombe, na hakurudi.

"Piga ya majaribio," akasema Mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa ya ofisi bado, ila fimbo ilikuwa imetoka kwapani. "Wote macho wazi. Bonaya, tazama mbele."

Swabra akabonyeza. Kamera ikatoa mlio wake mdogo wa furaha. Kisha kioo kikaandika.

"Imesema nini?" Abdia akauliza.

"Haisemi kitu, dada."

"Naona maandishi. Mimi sijui kusoma Kiingereza lakini naona. Imesema nini?"

Swabra alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatazama paa.

"Inauliza kama kuna mtu amefumba macho."

Wakaikuza picha. Macho ya Abdirizak, juu ya miwani aliyoivutia puani, yalikuwa wazi kama ya mtu aliyeonyeshwa nyoka. Macho ya Bonaya yalikuwa wazi. Hata ya ng'ombe.

"Rudia."

Swabra akarudia. Mlio, na swali lile lile.

"Hapa hakuna aliyefumba," Mwenyekiti akasema, akiiambia kamera moja kwa moja, kama anavyowaambia watu wanaotoka nje ya ajenda. "Imekosea."

"Haijakosea," akasema Bonaya.

Alikuwa ameiachia kamba. Akachuchumaa, kisha akaketi kabisa kwenye vumbi na samadi, na kikoi chake kizuri cha siku ya mnada. Ng'ombe hakuondoka.

"Haijakosea, Mwenyekiti. Macho nilimfumba mimi. Kwa hii mkono."

Soko la Garsen siku ya mnada lina kelele ambayo mtu haisikii mpaka ikome. Ilikoma kwenye sehemu ile ndogo mbele ya kibanda. Kwingine watu waliendelea kubishana juu ya mbuzi.

Bonaya alisema yote akitazama kwato za ng'ombe. Maji yalikuwa mengi, yeye alitaka wavushe siku ile ile, Galgalo alitaka wangoje. Wakavusha. Galgalo alimshika mkia huyu mwekundu, kama wavushavyo wote. Ng'ombe akatoka ng'ambo, mkia hauna mtu. Bonaya alifuata ukingo hadi akamkuta ndugu yake kwenye mchanga, mahali mto unapokata kona, amelala chali, anatazama juu. Akamfumba macho. Akamfunga kwa kikoi chake. Akachimba kwa panga na mikono juu ya ukingo chini ya mkindu, akamwelekeza kibla, akamsalia peke yake, hana mtu wa kusimama nyuma yake.

"Na nikaja nikuambie," akasema. "Wallahi nilikuja. Nikakukuta mlangoni, umesimama na kibuyu, ukaniuliza yuko wapi. Nikasema Madogo. Sijui Madogo ilitoka wapi. Ilitoka tu mdomoni."

"Na baadaye?"

"Baadaye ikawa ngumu. Kesho yake ikawa ngumu zaidi. Watu wangesema nimemuua, zizi ni moja, ng'ombe ni zetu wote. Akiwa amesafiri, ng'ombe zinakaa pamoja. Akiwa amekufa, ni za watoto wako. Nikanyamaza."

"Na leo ukaja kuuza yule aliyemshika mkia."

"Huyo siwezi kumtazama, Abdia. Kila siku anarudi pale mtoni, anasimama. Nilitaka aende mbali."

Kina mama wa maziwa walikuwa wameshafika na kumzunguka Abdia, wakingoja alie wamshike. Hakulia. Aliuliza maswali ya mtu anayepanga kazi.

"Umemlaza upande gani wa mkindu?"

"Upande wa jua linapotoka."

"Maji yanafika?"

"Hayafiki. Nilienda kuangalia. Naenda kila mara."

"Macho yalikubali kufumba?"

"Moja lilikubali. Lile lingine nililishika mpaka likakubali."

Abdia akaitikia kwa kichwa. Akauvuta mtandio ukafunika uso, akageuka kwenda nyumbani kuanza eda yake, na kina mama wakamfuata. Ng'ombe mwekundu naye akafuata nyuma yao, bila kuvutwa, kamba ikiburuzika vumbini. Swabra, ambaye kamera ilikuwa bado imewaka mkononi mwake, aliiinua bila kufikiri. Kisha akaishusha haraka, akaizima. Hajawahi kusema kama kioo kilionyesha kitu.

Watu walikwenda kwenye mkindu siku iliyofuata na imamu, wakakuta kaburi limesafishwa na miba imewekwa juu kuzuia fisi. Wakamsalia Galgalo upya, safari hii kwa safu kamili. Bonaya alisimama safu ya nyuma kabisa. Zizi liligawanywa mbele ya wazee, na hakubisha juu ya mnyama hata mmoja. Huko nyumbani kibuyu kilioshwa, kikatundikwa.

Picha Abdia aliiomba. Swabra alimchapia ile ya pili, iliyo safi zaidi. Inaonyesha wanaume wawili na ng'ombe aliyeinamisha kichwa. Katikati kuna nafasi ya kutosha mtu mmoja. Abdia ameiweka ndani ya msahafu, na anasema imetoka vizuri.

Kamati ilikutana ikaandika kwamba mauzo yalivunjika kwa sababu za kifamilia, na kwamba kamera ilipelekwa Malindi kwa fundi, ambaye hakuona kasoro. Tangazo likabaki mlangoni kama lilivyo. Swabra anaendelea na kazi. Huita visanduku kutoka kushoto, na kabla ya kuita hutoa salamu, ambayo zamani hakuwa akiitoa.

Mwenyekiti Sadik aliuza fahali wake mwezi uliofuata. Alimswaga hadi Tarasaa, ambako bado watu wanauziana kwa kushikana mikono.