Faili Lililosema Liko kwa Amina

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Amu. Niache nikuite mwanangu. Hatupitani sana umri, lakini kazi hii nimekutangulia.

Ombi la boti ya wagonjwa ya Mbwajumali lilitakiwa liwafikie wafadhili kabla ya saa saba mchana. Wajawazito wa kule walikuwa wakivushwa kwa boti za samaki. Nilibakisha ukurasa mmoja tu. Nikaligusa faili kwenye mtandao wa ofisi, kompyuta ikaniambia limefungwa, linatumiwa na Amina.

Amina! Aliyekwisha kuacha kazi kwetu!

Mimi, mwanangu, huwaza hata lisilokuwapo. Papo hapo nikaona ametuingilia, ana kinyongo, analifuta neno kwa neno. Bi Rukia, mkubwa wetu, akawaka. "Mpigie! Mwambie atuachie faili letu!" Mkono wangu mmoja ulishashika waya wa mtandao, tayari kuuchomoa.

Nikapiga. Amina akacheka hadi nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Miye niko Manda, napokea wageni wa ndege. Huku sina kompyuta; hilo faili nimelifungua kwa kasia? Hebu nambie, bibiye, kompyuta yangu ya zamani anaitumia nani?"

Bwana Lali, mwenzetu aliyeirithi kompyuta hiyo! Naye alishatoka mapema kujitayarisha kwa sala. Nikakimbilia meza yake, nikagusa kipanya, kioo kikawaka. Ombi letu lilikuwa wazi, pamoja na bei za injini alizozitafuta asubuhi nzima, hata hazijahifadhiwa. Mashine bado ilibeba jina la Amina; hakuna aliyekumbuka kulibadilisha.

Nikahifadhi, nikafunga, nikarudi mbio kwangu. Likafunguka! Bi Rukia, yeye asiyecheka, akapiga kigelegele. Nikamalizia ukurasa uliobaki, ombi likaondoka adhana ikianza, na Amina bado yuko kwenye simu: "Mkitaka radhi yangu, nileteeni halua!"

Alipelekewa. Na boti iko Mbwajumali leo. Mama wa kwanza kuvushwa alijifungua salama.

Basi, mwanangu, faili likikukatalia, usichomoe waya wala usimshuku mtu. Jina unaloliona ni lile lililoandikwa kwenye mashine, huenda si la anayeitumia. Nenda ukatazame nani anaitumia siku hiyo. Hifadhi kazi ya mwenzio kwanza, ndipo ulifunge. Nawe ukiinuka kwenda kusali, funga lako.

Mungu akujalie subira ya kuuliza, na asikukoseshe mtu wa kukujibu kwa kicheko.