Maji ya Mgongo Wangu

Cheka tu rafiki yangu, lakini mimi niliamini kabisa kwamba watoto waliolazwa hospitali ya Tororo walikamuliwa maji ya mgongo ili yatiwe kwenye betri za malori ya jeshi. Enzi zile za utawala wa wanajeshi sukari ilipotea, sabuni ikapotea. Maji ya betri nayo yangetoka wapi? Kijijini kwetu Paya sote tulijua hivyo.

Basi zamu yangu ikafika. Homa ya wiki tatu, kichwa kama kinapasuliwa kwa shoka, shingo imekakamaa hata kidevu hakigusi kifua. Nyanya yangu alinibeba mgongoni mpaka hospitali, mkononi viazi vitamu vya moto. Harufu ya viazi tu ikanitapisha. Daktari akasema anashuku kifua kikuu kimepanda kwenye utando wa ubongo, lazima anichome sindano kiunoni atoe maji.

“Betri zenu mkajaze mtoni!” nyanya akamjibu, amenikumbatia.

“Mama, nisipoyaona nitamtibu nini? Tukimwacha hivi, atakufa.”

Nyanya akatoa sharti: kichupa cha maji hayo kisitoke machoni pake.

Nikakunjwa kama jongoo. Sindano, naapa, ilikuwa ndefu kuliko mwiko wa ugali. Maji yakatoka maangavu kama ya mvua.

“Sasa ugonjwa uko wapi hapo?” nyanya akauliza.

Maabara ilikuwa imeishiwa kila kitu, kwa hiyo muuguzi akakisimamisha kichupa dirishani. “Usikitikise, mama. Ngoja kesho. Kama ni kifua kikuu, maji yatafanya utando.”

Nyanya akakilinda kama kuku juu ya mayai. Asubuhi, ndani ya maji yale, ulining’inia utando mwembamba kama wa buibui. Akautazama, akalia. “Mtibuni,” akasema.

Dawa haikuwepo. Shangazi, mchuuzi wa mpakani Busia, akaivusha kwa magendo, imefichwa ndani ya gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Nikachomwa sindano makalioni miezi mingi, nusura nisahau kukaa. Siku hizi nyanya hayupo, na ile harufu ya spiriti na uji wa wimbi wodini sijaipata tena popote.

Majuzi nilimkuta yule muuguzi kule Mukuju, kichwa mvi tupu. Nikamhadithia walivyonichota debe zima.

“Debe gani, mwanangu? Matone kama ishirini tu. Tena hayakwenda popote. Nyanya yako aliyadai, akayafukia chini ya mgomba nyuma ya wodi, kama mtu anayezika kitovu cha mtoto.”