Kitenge Alichovaa Mke wa Jenerali

Davi Massan aliuza vitenge soko la Adzokpa miaka arobaini na moja. Meza yake aliirithi kwa mama yake, mvule mtupu, nzito hata mwaka wa mafuriko soko zima lilielea, yenyewe ikabaki imekaa. "Davi" maana yake dada mkubwa. Hata mimi niliyemzidi umri nilimwita hivyo, maana kwetu mtu aliyekipa kitenge jina likashika haitwi hivihivi. Kiwanda huleta kitambaa na namba tu. Jina tunatia sisi wauzaji, na kisicho na jina huliwa na panya.

Kile chenye mabakuli ya manjano alikipa jina yeye, mwaka ule wifi yake alipokuja kusalimia akakaa miezi minane: Umeshiba, Nawa Utoke. Wanawake walikigombania. Ukikivaa mbele ya mke mwenzio huna haja ya kufungua mdomo.

Basi jarida moja la Ulaya likatuma watu waje kumwandika Bibi Eulalie, mke wa Jenerali. Jenerali ana miaka thelathini na miwili ikulu. Bibi kakulia ng'ambo, sokoni hajafika hata ndotoni. Siku aliyoletwa sokoni askari walifukuza ombaomba, wakafukuza na nzi. Mpiga picha, mwembamba kama ufito, akataka Bibi achague kitenge, aonekane mtu wa watu. Bibi akashika mabakuli ya manjano.

Wapambe wake wote walikijua, mama zao wanacho. Lakini nani amwambie? Kumwambia ni kulitamka jina lile, na kulitamka mbele yake ni kumfukuza. Wakatokwa jasho, wakapiga makofi. Massan akamfunga kiunoni kwa mikono yake, akasema kimemkaa vizuri. Hakusema uongo.

Jarida likatoka. Mkwe wangu muuguzi ndiye aliyetusomea: Bibi ni njiwa wa ikulu, anajipikia, na nyumbani kwake kila mtu ana uhuru wa kusema. Afiwa muuza chumvi, ambaye mumewe yuko kifungoni kwa kusema, akaomba hapo parudiwe, asikie vizuri. Kisha tukaiona picha, ukurasa mzima wa mabakuli. Tulicheka mpaka mabati yakanyanyuka dhiraa tatu. Jino langu la mwisho lilirukia huko, sijaliona tena.

Ulaya nako kukawaka moto. Watu wakauliza, vipi mnampaka poda mke wa mtu anayejaza magereza? Mwenye jarida akajibu kwamba yeye anaandika mavazi, siasa hazimhusu. Baadaye akaziondoa habari zile mtandaoni kimyakimya. Lakini picha ilikuwa imeshafika kila kibanda cha kusukia nywele.

Alhamisi akaja Kapteni Komlavi na mtu wa redio.

"Mama, kitenge hiki kinaitwa Mama wa Taifa," akasema. "Litamke hapa, nchi isikie, meza ibaki yako. Ukikataa, tunaibeba leo."

Massan akamwuliza, "Mwanangu, mama yako anacho?"

Kapteni akaitikia kwa kichwa.

"Anakiitaje?"

"Usinitie matatani, mama. Sema tu tumalize."

Mimi nikamvuta Massan nguo. Nikamnong'oneza kwamba ile ni meza ya marehemu, neno moja tu la uongo halimuui mtu. Akanitazama kama mtu anayetazama dagaa waliooza.

"Mama hakuniachia meza peke yake," akasema. "Na mdomo pia."

Akakishika kipaza sauti, akasema taratibu kama anayeita mteja: "Naitwa Massan Agbeko. Kitenge alichovaa mke wa Jenerali nilikipa jina mimi mwenyewe. Kinaitwa Umeshiba, Nawa Utoke. Ninacho cha kutosha nchi nzima."

Redio ilikuwa inarusha papo kwa papo.

Askari wanane walishindwa kuinyanyua ile meza. Ikabidi waipasue kwa shoka. Massan alisimama akawatazama mpaka kibanzi cha mwisho, hakulia.

Kesho yake akaja na robota la vitenge kichwani, akasimama getini pa soko. Wakamfukuza, akavuka barabara. Wakamfukuza huko, akahamia kona ya kinyozi. Nasi na foleni yetu nyuma yake, kona kwa kona, kila mmoja akitaja kwa sauti jina la kitenge anachotaka. Siku hizi anauza akitembea, na askari wamechoka kumfuata kabla yeye hajachoka kwenda.