Sufuria Chini ya Blanketi

Falone, fundi cherehani wa mtaa wa Mbunya, alikuwa ameapa: Jumapili hii, mvua ije au isije, nyumba yake itakula supu ya Thailand, ile kali na chachu aliyoiona kwenye simu. Alichemsha mchaichai, tangawizi, ndimu na pilipili, akatia samaki wa ziwani kutoka Tchomia, huku kiuno chake kikicheza chenyewe kwa furaha. Akatoka kuchuma majani ya kitunguu.

Aliporudi, sufuria haipo! Mama mkwe wake, aliyeshikwa na mafua tangu juzi, alikuwa ameketi sakafuni, kajifunika blanketi yeye na sufuria, anajifukiza.

“Mama! Ile ni chakula yetu ya midi, ya saa sita!” Falone alipaza sauti, kicheko kikimvunja mbavu.

Mkono ulichomoza kutoka chini ya blanketi.

“Leta bugali, Falone. Hii dawa iko na samaki!”