Uvimbe Ulionywea Mno

Shangazi Safina hakuwahi kuliamini gunia. Pale sokoni Kasulu mkulima angeapa kwa Mungu na kwa mama yake mzazi, naye angetabasamu tu, kisha angelichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota maharage ya katikati ili uone kama ya ndani yanafanana na ya juu. Mimi Firdausi, mtoto wa kaka yake, niliyekuwa namshikia mizani, hakuniamini vilevile. Mwanamke yule alikagua hata salamu.

Ramadhani ya mwaka 2013 alijipapasa titi la kushoto akakuta kitu kama punje ya harage. Hakikuuma, akakinyamazia. Ilipofika Idi ya Kuchinja kilikuwa kama yai la kuku, na hapo ndipo alipoanza kutafuta mchawi. Alimshuku jirani yetu Esteri, eti kwa nini alete maparachichi bila kuombwa? Ndugu wakampeleka Busunzu kwa mganga, mzee Venanti, naye akachochea moto.

"Mwakeye, mama," alimsalimu kwa Kiha. "Ugonjwa wa Mungu haukui mbio hivi. Huu umetumwa. Na angalia sana, uvimbe huo ukichomwa sindano utakasirika."

Nilipandwa na hasira. Nilimburuta shangazi mpaka hospitali kubwa ya Mwanza, naye njia nzima ananung'unika kwamba madaktari wamenihonga.

Daktari, dada mmoja mpole, alisema atachomoa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano nene, kikapimwe. Shangazi akajivuta nyuma.

"Uchomwe ukasirike?"

"Mama, kwa kutazama nje siwezi kujua ndani kuna nini."

Nilimwona akiyatafuna maneno hayo. Ghafla akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke Kasulu. "Kumbe na nyie mna bambo! Haya, choma. Ila usichukue sehemu moja, chukua na kule chini."

Jibu lilikuwa saratani, tena ya aina inayokua haraka. Daktari alieleza kwamba dawa ya dripu hushambulia zaidi chembe zinazogawanyika upesi, hivyo uvimbe wenye mbio mara nyingine ndio huo huo unaonywea upesi. Shangazi alimkodolea macho. Ugonjwa mbaya, halafu uwe na sifa nzuri? Akaninong'oneza: "Huyu ana kitu anauza."

Lakini ulinywea kweli. Nywele zilipukutika, chakula kikamchukiza, na dripu baada ya dripu lile yai likarudi kuwa punje, mwishowe vidole havikukuta kitu. Nyumbani walichinja mbuzi. Yeye alijifungia bafuni akijipapasa kama mtu aliyedondosha hereni.

"Limekwenda wapi, Firdausi? Limejificha hili."

Daktari alisema titi bado litolewe, maana huenda kuna chembe zilizobaki ambazo mkono hauwezi kuzigusa. Mumewe Hamis alifunga safari kuja kupinga.

"Mama Saady, umepona. Wanataka nini tena? Mzee Venanti alishaonya hata sindano, sembuse kisu!"

Hata mimi nilitamani awe sahihi. Shangazi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kwa jicho lile lile la sokoni.

"Habari ninayoitaka sana ndiyo ninayoiogopa," akasema. "Wakate."

Wakakata. Majibu yalipotoka, daktari alikuja anatabasamu: katika nyama waliyoitoa hawakuona hata chembe moja hai ya saratani. Dawa ilikuwa imeimaliza.

Hamis alijipiga paja. "Unaona sasa? Umekatwa bure!"

Moyo uliniuma, nikaogopa kumtazama shangazi. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. Aliweka kiganja juu ya bandeji, pale palipobaki bapa.

"Baba Saady," akasema taratibu, "titi lingebaki, wewe ungelala usingizi. Mimi ningelipapasa kila siku mpaka mnizike."

Hamis aliketi ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa.