Kifaru Kilichosimama

Shangazi anapocheza ule mchezo wa vifaru vya vita mtandaoni, huvaa hedifoni na kuisalimia timu nzima kabla ya kombora la kwanza, kama anayepiga hodi nyumbani kwa watu. Wanaoanza huwaelekeza polepole, kidole gumba kikipapasa ukingo wa meza: "Usikimbilie uwanja wazi, mwanangu. Jifiche nyuma ya kilima, piga, rudi. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, omba radhi." Wakimcheka, huguna tu: "Sikio la kufa halisikii dawa."

Jana kifaru kimoja cha timu yake kilisimama katikati ya uwanja, hakisogei. Wenzake wakaanza kumtukana mwenye kifaru hicho: mzembe, gogo, toka! Shangazi akauacha ushindi uliokuwa mkononi, akapeleka chake mbele ya kile, akakikinga mpaka chake kikaungua.

"Mngeshinda, Shangazi," nikamwambia.

Akavua hedifoni, akaifuta kwa kanga.

"Siku mume wangu alipoanguka kwenye kiti hiki, kifaru chake kilisimama vilevile. Mimi namtikisa, namwita, na matusi yanaendelea kuingia masikioni mwake."